Dakika Arobaini za Shangazi

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mtunza mazingira wa shule yetu atakabidhi funguo nne, reki mbili, toroli moja lenye gurudumu linalolia, na banda moja la wanyama. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, siku ambayo mvua ilibeba daraja, na hata siku hiyo alifika kabla ya mwalimu wa zamu.

Shule nzima inamwita Shangazi. Wanafunzi wanamwita hivyo, wazazi wanamwita hivyo, na mwenyekiti wa bodi, ambaye kwa umri ni kama kaka yake mkubwa, anamwita hivyo pia. Jina lilianza mwaka wake wa kwanza kazini, pale mwanafunzi mgeni aliyekuwa akilia getini alipoulizwa na mwalimu wa zamu kama ana ndugu yeyote hapa shuleni. Mtoto alitupa macho uwanja mzima, akamwona mama mmoja akifyeka majani bila haraka, akasema yule ni shangazi yangu. Mama alipoulizwa, alisimama, akafuta jasho, akajibu kwamba ndiyo, ni mtoto wa kaka yake. Hawakuwa wamewahi kuonana.

Mwandishi wa wasifu huu ni mwalimu wa nidhamu. Amepewa kazi hii kwa sababu kabati lake lina kumbukumbu za miaka ishirini na sita, na kwa sababu ilipoulizwa kikaoni nani ataandika, wenzake wote waligundua kuna kitu cha kutazama dirishani. Anaomba radhi mapema kwa mtindo wake. Mtindo huo umezoea taarifa za makosa.

Kwa desturi yetu, anayestaafu huulizwa angependa zawadi gani. Waliotangulia walichagua godoro, saa ya ukutani, na mmoja alichagua baiskeli ambayo hadi leo hatujamwona akiipanda. Shangazi alipewa fomu, akakaa nayo siku mbili, akairudisha ikiwa na mstari mmoja: "Nataka mtu wa kufungua banda Jumatatu."

Ombi hilo limeleta kazi zaidi kuliko godoro. Nafasi ya Shangazi haitajazwa. Kampuni ya usafi imekubali kuchukua majani, mitaro na vyoo, lakini ukurasa wa pili wa mkataba wake unasema haitahusika na kiumbe chochote chenye uhai. Bodi nayo imeamua hivi: kama hadi siku ya kustaafu hakuna mtumishi aliyejitolea kwa maandishi kulifungua, kulisafisha na kulifunga banda kila siku, wanyama watagawiwa kwa wanaowataka, na banda litarudi kuwa stoo ya madawati mabovu. Karatasi ya kujitolea ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chumba cha walimu wiki tano zilizopita. Ina mstari mmoja wa jina na mmoja wa sahihi. Hadi Jumatatu ya wiki hii yote miwili ilikuwa mitupu.

Tuanze na banda lenyewe, maana walioajiriwa karibuni wanadhani lilijengwa na serikali.

Shangazi aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, kama mfagiaji. Mwaka wake wa pili, maabara ya biolojia iliagiza sungura sita kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Wiki moja kabla ya mtihani ikaja barua kwamba mwaka huu watahiniwa watachunguza ua. Sungura wakabaki ndani ya sanduku chini ya meza ya maabara, wakila sanduku. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliagiza waondolewe mara moja. Shangazi aliwaondoa. Aliwaondoa hatua arobaini na mbili, hadi nyuma ya karakana ya useremala, kwenye chumba kilichojaa madawati ya miguu mitatu. Mwalimu mkuu alipouliza kama agizo lake limetekelezwa, aliambiwa limetekelezwa siku ile ile, akaridhika. Ilimchukua mwaka mzima kupita nyuma ya karakana, na wakati huo sungura walikuwa na wajukuu.

Mwaka huo huo kulikuwa na binti wa kidato cha kwanza ambaye kila asubuhi, akifika mlango wa darasa, alitapika. Alipelekwa zahanati mara tatu, akapimwa kila kinachopimika, na kila mara akarudishwa na karatasi inayosema ni mzima. Mwalimu wa darasa akaanza kumwekea ndoo. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiosha ndoo ile, alimwita pembeni akamwambia ana shida ya mtu wa kuhesabu sungura, kwa kuwa macho yake yeye hayaaminiki asubuhi. Macho yake yalikuwa mazima na bado ni mazima. Kazi ilikuwa hivi: mtoto ahesabu, akimbie darasani kabla hajasahau, amtajie mwalimu idadi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akasema "Sita, mwalimu," akatoka mbio. Siku ya nne aliingia hatua mbili. Wiki ya tatu sungura walizaa, hesabu ikawa nzito, ikabidi mtoto akae kwenye dawati ili ajumlishe. Muhula ulipoisha aliripoti kumi na tisa akiwa safu ya mbele, na ndoo ikarudishwa stoo. Leo ni fundi umeme wa magari. Alipopigiwa simu kwa ajili ya wasifu huu, alisema yeye sungura hawapendi hata kidogo, ila mtu asimguse Shangazi.

Punda alikuja mwaka wa tisa. Alikuja na mkandarasi aliyejenga jengo la utawala, akibeba mchanga. Mkandarasi alipoondoka aliacha ofisi moja haina mlango na punda mmoja hana mwenyewe. Ameandikiwa barua tatu kuhusu mambo yote mawili. Ofisi hiyo ilikuwa imepangiwa naibu mwalimu mkuu, na shule wakati huo haikuwa na naibu, kwa hiyo punda aliingia humo kukwepa mvua akakaa wiki sita. Wanafunzi wakaanza kumwita Naibu. Alipopatikana naibu wa kweli, Shangazi alimhamishia punda bandani kwa heshima zote, lakini jina lilikataa kuhama. Manaibu watano wamepita tangu hapo na wote wamelivumilia.

Mbuzi watatu waliletwa na mzazi mmoja kama shukrani. Kobe hakuletwa na mtu. Hutokea upande wa uzio mara moja kila muhula, huzunguka banda lote polepole, hutazama kila kona, kisha huondoka bila kutoa neno. Anaitwa Mkaguzi.

Mwandishi aliripoti shuleni akiwa kijana mwenye suti moja na imani kubwa katika fomu. Fomu yake ya kwanza ilikuwa karatasi ya adhabu, ambayo bado tunaitumia. Ina nafasi ya jina, darasa, kosa, adhabu, muda, na mwisho kabisa "Maoni ya Msimamizi". Kengele ya darasani inalia saa moja na nusu. Kanuni ilikuwa kwamba anayechelewa hadi dakika kumi apewe onyo, na anayezidisha dakika kumi apewe karatasi, aende kwa Shangazi baada ya masomo, afanye kazi za nje kwa dakika arobaini. Kazi za nje zilizokusudiwa ni kufagia. Shangazi aliwapa ufagio, ni kweli, lakini banda ndilo lililofagiwa, na mtu hawezi kufagia banda bila kumsogeza mbuzi, wala kumsogeza mbuzi bila kwanza kuelewana naye.

Karatasi zilirudi kwa mwandishi kila jioni, zimejazwa kwa penseli. "Amefanya. Sungura amemkubali." "Amefanya. Kaimba." "Amefanya. Anahitaji viatu." Viatu hivyo vilipatikana, mwandishi hajui vilipatikanaje, na hakuna fomu inayoonyesha. Mara kwa mara ilirudi karatasi yenye maneno mengine: "Hajamaliza. Arudi kesho." Mwandishi alichukulia kwamba huyo ni mvivu. Alikwenda mwenyewe kukagua sakafu, akaikuta imefagiwa hadi inang'aa, akarudi ofisini akikuna kichwa. Miaka mingi alidhani Shangazi ana viwango vya juu sana vya usafi. Baadaye ndipo alipokaa akazilinganisha karatasi hizo na majina, akaona yule aliyerudishwa siku saba mfululizo alikuwa amefiwa na babake, na yule wa siku kumi na moja wazazi wake walikuwa wakiachana. Sakafu haikuwa na neno.

Katika mwaka wa kumi na mbili wa utumishi wa mwandishi, idadi ya wachelewaji ilipanda hadi mwalimu mkuu akakunja uso. Mwandishi alifanya uchunguzi. Aliona jambo la ajabu: karibu wote walichelewa kwa dakika kumi na moja. Si nane, si kumi na tano. Kumi na moja. Na wiki ambayo mbuzi mmoja alikaribia kuzaa, darasa zima la kidato cha pili lilichelewa pamoja, wakiwemo watoto wanaolala bwenini, ambao kutoka kitandani hadi darasani hawavuki hata barabara.

Aliitwa mlinzi wa geti ajieleze. Mlinzi wetu ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo alisema yote aliyokuwa nayo.

"Mwalimu, hawa watoto hawajachelewa," alisema. "Wanafika mapema sana. Wanajipanga pale ukutani, wananiuliza saa kila dakika. Wanasubiri kuchelewa."

"Na wewe unawaambia saa?"

"Sasa Mwalimu, mtu akikuuliza saa utamnyima?"

Mwandishi aliandika taarifa ya kurasa kumi na nne yenye majedwali mawili, kichwa chake "Uchelewaji wa Makusudi na Chanzo Chake". Ukurasa wa kumi na nne ulipendekeza banda lifungwe. Anaiweka taarifa hiyo wazi hapa kwa sababu iko kwenye maktaba ya shule na mtu yeyote anaweza kuisoma, ingawa kwa mujibu wa daftari la maktaba hakuna aliyewahi kuiazima.

Mwalimu mkuu hakufunga banda. Aliamua kuligeuza zawadi, yaani waende wale wanaowahi tu. Kwa wiki mbili banda lilijaa wanafunzi bora. Walikuja na soksi nyeupe, wakashika pua, wakauliza kama kuna cheti. Mmoja alimweleza Naibu kanuni za usafi. Wale waliozoea kuja walionekana wakizurura nyuma ya vyoo, na mapigano ya uwanjani, ambayo mwandishi alikuwa hajayaandika kwa muhula mzima, yakarudi, matatu kwa wiki. Ijumaa ya wiki ya pili Shangazi aligonga mlango wa ofisi ya nidhamu. Hakuwa na kawaida ya kuja ofisini. Alisimama, hakutaka kiti.

"Mwalimu, nirudishie wakosaji wangu," alisema. "Hawa wazuri hawana shida na mimi."

Mwandishi alimwambia kwamba wakosaji si mali ya mtu. Shangazi akasema sawa, akaendelea kusimama. Alisimama mpaka mwandishi akamaliza kusahihisha rundo zima la madaftari, na madaftari yalipokwisha akawa hana tena pa kuficha macho. Wakakubaliana hivi: banda lifunguliwe kwa yeyote, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kengele, na tena baada ya masomo, bila kosa na bila cheti. Anayetaka dakika arobaini achukue dakika arobaini. Karatasi ziliendelea, kwa sababu mwandishi hakuweza kulala bila karatasi, lakini kwenye nafasi ya kosa watoto waliruhusiwa kuandika wanachotaka. Wengi waliandika "Hakuna". Mmoja aliandika "Hesabu". Mwezi uliofuata waliochelewa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa mwalimu.

Hapo ndipo mwalimu wa ushauri nasaha naye alipohamia nje. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili vinavyotazamana, kitambaa mezani, na bango la machweo. Kwa muhula mmoja alipata wanafunzi wanne, na watatu kati yao walikuwa wakitafuta choo. Shangazi alimshauri abebe kiti chake kimoja, akiweke bandani upande wa mbuzi, na ashike kitu mkononi. Alishika burashi. Muhula huo alizungumza na wanafunzi sitini na moja. Anaeleza kwamba mtoto akikaa mbele yako mtazamane, anakuchunia, lakini mkisugua mbuzi mmoja kila mtu upande wake, atakuambia mambo ambayo hata mama yake hayajui, na hatakutazama wala hutamtazama. Anasema chuoni hakufundishwa hilo. Kile kiti cha pili bado kiko ofisini na hakuna aliyekikalia.

Tusisahau matembezi ya Alhamisi. Madarasa ya mtihani yalikuwa yakikaa ndani tangu asubuhi hadi giza, na kila mwaka, mwezi wa mwisho, wawili watatu walianguka mstarini. Shangazi aliomba apewe watahiniwa saa moja kwa wiki wamsaidie kumwagilia miche ya upande wa mbali wa uwanja. Naibu angebeba madumu, wao wangetembea. Sheria ilikuwa moja, kwamba atakayetaja mtihani atabeba dumu la Naibu mwenyewe. Wiki ya kwanza Naibu alirudi hana mzigo, na watahiniwa wote wamelowa. Wiki ya tatu walikuwa wakizungumza mpira, mapishi, na nani ana sauti mbaya kwenye kwaya. Ni miaka tisa sasa hakuna mtahiniwa aliyeanguka mstarini. Mwalimu wa takwimu anasema hilo peke yake halithibitishi kitu, na yeye hajawahi kukosa Alhamisi hata moja.

Miche ile sasa ni miti mia moja na nne. Chini yake madarasa matatu husoma mchana wakati wa joto. Kwenye orodha ya mafanikio ya mstaafu, barua ya ofisi imeandika: usafi, uaminifu, kutunza vifaa. Mwandishi ameongeza miti kwa kalamu.

Sasa kuhusu ile karatasi ya ubaoni.

Sababu za watumishi kutosaini zimekusanywa na ni za kweli. Mwalimu wa jiografia hupiga chafya akimwona mbuzi hata kwenye kitabu. Mwalimu wa ushauri nasaha hupanda magari mawili na hawezi kufika kabla ya saa moja. Mlinzi wa geti angependa sana, ila saa kumi na mbili na nusu ndiyo saa ya kupokezana zamu, na geti haliwezi kuachwa. Mpishi anapika uji saa hiyo. Mwalimu mkuu ana wadhifa.

Mwandishi anaishi nyumba ya shule, hatua mia moja na hamsini kutoka bandani. Huamka saa kumi na moja. Hana chafya, hana gari la kupanda, hana geti. Kwa wiki tano amepita mbele ya ubao ule kila asubuhi, akaisoma karatasi kama mtu anayesoma tangazo la mji mwingine, akaenda zake. Alijiambia atajitokeza mtu. Alijiambia pia kwamba mtu aliyeandika kurasa kumi na nne za kulifunga banda akionekana amebeba pumba, wanafunzi wanaomwita Rula watavunjika mbavu. Lakini hiyo siyo sababu yenyewe. Akisaini wataulizana kwa nini, na hiyo "kwa nini" yake hajawahi kumwambia mtu.

Miaka mitatu iliyopita mwandishi alifiwa na mke wake. Alirudi kazini siku ya tisa, kwa sababu nyumbani palikuwa na viatu vya mkewe mlangoni na hakuna fomu ya kuviondoa. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, kidato cha tatu. Alifika mlangoni na chaki mkononi, na miguu ikagoma. Alisimama. Darasa lilinyamaza bila kuambiwa, jambo ambalo halijapata kutokea kidato cha tatu. Shangazi alipita na toroli lake linalolia, akatazama, akaendelea. Baada ya muda akarudi bila toroli, akamkabidhi karatasi ya adhabu, imejazwa kwa penseli. Jina: Mwalimu wa Nidhamu. Kosa: Amesimama mlangoni dakika kumi na moja. Adhabu: Banda. Muda: Dakika arobaini.

Mwandishi hajawahi kubishana na fomu iliyojazwa sawasawa. Alikwenda.

Alipewa burashi, akapewa na Naibu wa kusugua, mnyama ambaye kabla ya hapo walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kwa kuwa aliwahi kumtafuna mkono wa koti. "Anzia shingoni, Mwalimu," Shangazi alisema. "Usimpapase, msugue." Kisha akatoka nje akaanza kuvuta reki kwenye ardhi isiyo na jani hata moja, mgongo kaupa mlango. Mwandishi alisugua shingo, akasugua bega, na alipofika ubavuni punda akamwegemea kwa uzito wake wote, kama anavyomwegemea kila mtu. Mwandishi alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya sungura, mtu mzima mwenye cheo. Nje reki iliongezwa nguvu ili asisikike.

Alirudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu, na keshokutwa, na muhula wote ule. Shangazi hakuwahi kuuliza hali. Burashi ndiyo ilihamishwa msumari, ikatundikwa juu kidogo, usawa wa mkono wa mtu mrefu. Asubuhi moja mwandishi aliamka akaona njaa, na siku hiyo akaingia darasani moja kwa moja, akawakemea kidato cha tatu kama kawaida, wakafurahi sana.

Jumatatu ya wiki hii, akitafuta takwimu za kupamba wasifu huu, mwandishi alizihesabu karatasi zote kabatini. Ni elfu sita mia mbili na kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa kwenye jalada lililoandikwa "Walimu", jalada lenye karatasi moja. Aliisoma tena, akaona kasoro. Nafasi ya Maoni ya Msimamizi ilikuwa wazi. Katika elfu sita na zaidi, ni hiyo tu isiyojazwa, na jalada haliwezi kufungwa likiwa na nafasi wazi.

Aliichukua hadi bandani. Shangazi alikuwa akimkagua Naibu kwato. Mwandishi alimweleza kwamba kuna karatasi yake moja haijakamilika, na kwamba kwa kuwa anastaafu Ijumaa, ni vizuri mambo yakaisha kwa utaratibu. Shangazi alipangusa mikono kwenye kanga, akaipokea, akaisogeza mbali na macho akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika akiwa ameiegemeza karatasi kwenye mgongo wa punda, akairudisha, akainama tena kwenye kwato.

Aliandika: "Hajamaliza. Arudi Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu."

Nilikwenda chumba cha walimu nikaomba kalamu. Walikuwepo watu saba. Niliandika jina langu kwenye mstari wa kwanza na sahihi kwenye wa pili. Mwalimu wa jiografia alipiga chafya. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na kama wangeuliza ningewaambia, ndiyo maana nimeandika hapa, ili tusipoteze kikao.

Kwa niaba ya walimu, watumishi, wanafunzi elfu moja na mia mbili wa leo na maelfu waliosugua mbuzi kabla yao, asante sana, Shangazi. Asante kwa ndoo iliyorudi stoo, kwa viatu visivyo na fomu, kwa reki uliyoivuta pasipo na majani. Nenda nyumbani ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa zamu, miguu yako ijue kiti kikoje. Na Jumatatu ukishtuka alfajiri kwa mazoea, ukitafuta viatu gizani, usiwashe taa. Lala tena. Banda limefunguliwa.